KUCHAGUA MLIMA WA KUPANDA KWA BAISKELI: FUNZO KUTOKA USKOTI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi na wanachama wa Umoja wa Wanafunzi wa Zamani, siku ya mkutano wa mwaka)



Mwalimu Mkuu aliponiandikia barua alinieleza kwamba klabu ya baiskeli ya shule inakusudia kufanya safari yake ya kwanza ya mlimani wakati wa likizo ya Juni, na kwamba wanachama wamekwisha kugawanyika makundi mawili juu ya mlima wa kwenda. Kundi moja linataka mlima mrefu wenye jina. Kundi la pili linataka mlima wa karibu. Akaniomba nizungumze habari za Uskoti, nchi niliyosomea shahada yangu ya pili katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, kwa kuwa alisikia kwamba huko nilipata kufika kileleni na baiskeli.

Sikuja kuwaambia mwende wapi. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ya kila siku ni kupima mapendekezo kabla fedha hazijatoka. Nitawaeleza jinsi watu wanne tulivyopima milima mitano, tukaacha minne, tukachukua mmoja. Mtaona wenyewe kama mizani ile inafaa kwenu.

Uskoti si nchi ngeni kabisa kwetu. Mwalimu Julius Nyerere alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh tangu 1949 hadi 1952. Na kwa mpenda baiskeli, nchi ile ina haki ya kuheshimiwa. Robert William Thomson, mzaliwa wa Stonehaven, alipata hataza ya tairi la upepo katika miaka ya 1840, likasahauliwa. John Boyd Dunlop, Mskoti mwingine aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, akalibuni upya katika miaka ya 1880, na ndilo lililoenea duniani. Kwa hiyo kila mmoja wenu anayejaza upepo pale nyuma ya bweni ana deni dogo kwa Waskoti.

Milima yao si mirefu kama yetu. Mrefu kuliko yote, Ben Nevis, una mita 1,345 tu. Lakini msiidharau kwa tarakimu hiyo. Nchi ile iko kaskazini sana, upepo hutoka baharini bila kizuizi, na mingi ya milima huanza karibu na usawa wa bahari, hata mtu hupanda karibu urefu wote kwa miguu yake. Mwaka 1891 Sir Hugh Munro alichapisha orodha ya milima yote ya Uskoti inayozidi futi 3,000, yaani kiasi cha mita 914. Leo milima hiyo huitwa kwa jina lake, Munro, nayo imehesabiwa 282. Wako watu wanaotumia umri wao wote kuimaliza.

Sasa sikilizeni jambo la sheria, maana ndilo linalofanya uchaguzi uwe mgumu. Katika Uingereza penyewe, mwendesha baiskeli anayekwenda mashamba na vilima kwa kawaida hubaki katika njia maalumu zilizotajwa kisheria. Uskoti ni tofauti. Sheria ya Marekebisho ya Ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita karibu kila mahali, kwa miguu, kwa farasi au kwa baiskeli, hata katika mashamba makubwa ya watu binafsi, maadamu anapita kwa wajibu: asiharibu, asiwasumbue watu wala wanyama, afunge malango aliyoyakuta yamefungwa. Haki hiyo ni nzuri, lakini sheria haikuchagulii njia. Kuruhusiwa kupita mahali si sawa na kuweza kupita, wala si sawa na kufaa kupita. Ninyi mnaosoma uraia mliandike hilo.

Ilikuwa mwezi Agosti mwaka 2012. Tulikuwa wanne: mimi, mwenzangu kutoka Malawi, kijana mwenye nguvu za ng'ombe, mwenzetu kutoka India, ambaye alikuwa hajapanda baiskeli tangu utotoni, na mwenyeji wetu, mzee wa Kiskoti mwenye miaka sitini na ushee, fundi wa maabara aliyestaafu. Huyu ndiye aliyekuwa na gari na chuma cha kufungia baiskeli. Baiskeli tatu tulikodi, za milimani, zenye gia nyingi na tairi za meno mapana. Muda tuliokuwa nao ulikuwa Jumamosi moja, kwani kila mwanafunzi alikuwa na tasnifu ya kumaliza.

Jioni moja tulitandaza ramani mezani. Mmalawi akaweka kidole juu ya Ben Nevis bila kusita. Alisema, "Nikirudi nyumbani wataniuliza mlima mkubwa ni upi. Nitasema niliupanda." Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: "Mnataka kuona, au mnataka kusema mmekwenda?" Hakuna aliyemjibu, lakini tangu hapo mazungumzo yalibadilika. Tukakubaliana kwamba kila mlima upite katika mizani tano.

Mizani ya kwanza ilikuwa mandhari. Watu wengi hudhani kwamba kadiri mlima unavyozidi urefu ndivyo utakavyoona mbali. Haiwi hivyo sikuzote. Kinachokuonyesha nchi ni mlima kusimama peke yake, na kilele kuwa nje ya mawingu. Juu ya Ben Nevis kulikuwa na kituo cha kupimia hali ya hewa tangu 1883 hadi 1904, na vipimo vyake vilionyesha mvua inayozidi milimita 4,000 kwa mwaka. Kilele chake hufunikwa na ukungu siku nyingi kuliko zile kinapoonekana. Mtu anaweza kupanda mita 1,345 na asione ila viatu vyake.

Mizani ya pili ilikuwa njia yenyewe: sehemu gani utapanda ukiwa juu ya kiti, sehemu gani utasukuma, na sehemu gani utabeba baiskeli begani. Haya ramani huyasema, kama unajua kuisoma. Mistari ya mwinuko ikiwa mbalimbali, utaendesha. Ikikaribiana, utasukuma. Ikigusana, acha baiskeli nyumbani. Katika ramani zao nzuri, mstari mmoja hadi mwingine ni mita 10, hivyo mtu huweza kuhesabu kwa kidole. Njia ya Ben Nevis ilijengwa kwa ajili ya farasi wadogo waliopeleka mizigo katika kituo kile, na mwaka 1911 mtu aitwaye Henry Alexander alifikisha gari la Ford kileleni. Lakini leo njia hiyo ni ya mawe matupu na imejaa watu wa miguu, na upande wa kaskazini wa kilele ni magenge yanayoshuka mamia ya mita. Kwa waendeshaji wachanga, ukunguni, hapana. Mmalawi aliinua mikono akaukubali ukweli huo.

Mizani ya tatu ilikuwa kushuka. Ndugu wanafunzi, hapa naomba mnipe masikio yote mawili. Mtu anayepanda akichoka husimama, na baiskeli humsubiri. Anayeshuka akikosea, mteremko haumsubiri. Uzito wa mwili na mwendo huzidi, breki hupata moto, mikono hufa ganzi kwa baridi, na jiwe dogo kama yai hutosha kumtupa mtu juu ya usukani. Kwa hiyo safari hupimwa kwa uwezo wa kushuka wa yule aliye dhaifu kuliko wote, wala si kwa uwezo wa kupanda wa yule mwenye nguvu. Tulipoupima Ben Lomond, wenye mita 974, ulipita vizuri katika mandhari, maana unasimama juu ya ziwa Loch Lomond, ziwa lenye eneo kubwa kuliko yote katika kisiwa kizima cha Britania. Lakini njia yake ina ngazi za mawe na mifereji ya mawe inayoikata, na mwisho wa juma watu ni wengi. Mwenzetu Mhindi angeshuka kwa hofu kuanzia juu hadi chini, na wenye miguu wangeshuka kwa hofu yetu. Tukauacha.

Mizani ya nne ilikuwa umbali wa kufika na muda wa mwanga. Huko kusini, karibu na mpaka wa Uingereza, uko mlima Broad Law, mita 840, wenye mgongo mpana na njia ya magari ya kazi iendayo juu kwenye mtambo wa kuongozea ndege. Kwa waanzaji ni mlima mzuri, wa nyasi, na kushuka kwake ni raha. Lakini kutoka Aberdeen ni zaidi ya kilomita 200, na siku yetu ingekwisha garini. Uko pia Cairnwell, mita 933. Barabara kuu ya lami hupita karibu nao kwa urefu wa mita 670 hivi, basi kilichobaki cha kupanda ni kidogo sana. Lakini kilele chake kimezungukwa na mitambo ya kuwavuta watelezaji wa theluji. Mzee alisema kule utafika upesi na utataka kuondoka upesi.

Ukabaki Mount Keen, mita 939, Munro iliyo mashariki kuliko zote. Unasimama peke yake, nyuma yake magharibi ni milima mikubwa ya Cairngorms, mbele yake mashariki nchi inateremka hadi Bahari ya Kaskazini. Begani mwake hupita barabara ya kale waliyoitumia wachunga ng'ombe wakivusha makundi yao kwenda masokoni, na barabara ya ng'ombe, kama mnavyojua, haipendi miteremko mikali. Hata Malkia Victoria alivuka hapo mwezi Septemba 1861 pamoja na mumewe Albert, miezi mitatu kabla Albert hajafariki. Upande wa kusini, katika bonde la Glen Mark, iko chemchemi waliyokunywa maji, na juu yake limejengwa tao la mawe lenye umbo la taji.

Unaweza kuuendea kutoka kusini, ambako ni karibu zaidi, kiasi cha kilomita 17 kwenda na kurudi. Sisi tulichagua kaskazini, bonde la Glen Tanar karibu na mji mdogo wa Aboyne, kiasi cha kilomita 28 kwenda na kurudi. Kwa nini tuchague ndefu? Kwa sababu sehemu kubwa ya urefu huo ni barabara pana ya msituni, na mlima wenyewe mkali hubaki kilomita chache za mwisho. Mwenzetu Mhindi angepata zaidi ya saa nzima ya kuzoea gia na breki mahali pasipo na hatari.

Mizani ya tano ndiyo niipendayo kuliko zote: je, baiskeli ikivunjika, tunaweza kurudi kwa miguu kabla ya giza? Mskoti mmoja, William Naismith, mwaka 1892 alitoa kanuni rahisi: saa moja kwa kila maili tatu, na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kilomita 28 ni maili kumi na saba na nusu. Kupanda kwetu kulikuwa kama mita 800, yaani futi 2,600 na kitu. Pigeni hesabu: ni saa saba na dakika chache kwa mtu wa miguu. Mwishoni mwa Agosti jua la Aberdeen huzama baada ya saa mbili usiku. Tukianza saa tatu asubuhi, hata baiskeli zote nne zikifa, tungelala nyumbani. Ben Nevis, pamoja na mwendo wa gari wa kwenda na kurudi, haukupita katika mizani hiyo.

Tulianza saa tatu na robo. Msitu wa Glen Tanar ni wa misonobari ya asili, mabaki ya misitu iliyokuwa imefunika sehemu kubwa ya nyanda za juu. Mashina yake yana rangi ya kutu, na chini yake mto mdogo unakwenda nawe upande mmoja hadi mwingine. Baada ya kilomita kadhaa miti hukoma, na mbele yako hufunguka nyika ya vichaka vifupi vinavyofika gotini, ambavyo mwezi Agosti huchanua zambarau. Sijui niwaelezeje. Fikirieni shamba la mkonge linaloenea hadi upeo wa macho, kisha kila mche ufupishwe na kupakwa rangi ya khanga mpya. Katikati ya rangi hiyo barabara moja nyeupe inakwenda, na mwisho wake mlima umekaa kama chungu kilichopinduliwa.

Agosti ni msimu wa uwindaji wa ndege katika nyika zile, kwa hiyo siku mbili kabla mzee alikuwa amepiga simu kwa wasimamizi wa shamba kuuliza kama njia yetu ingepita penye bunduki. Waliomjibu walikuwa waungwana, na njia ilikuwa huru.

Penye mguu wa mlima tulivuka mto darajani, tukala mikate na mayai, tukavaa makoti. Joto hupungua takribani nyuzi sita au saba kwa kila mita 1,000, bila kuhesabu upepo, na upepo ndio mwizi mkubwa. Kutoka pale tulisukuma. Mmalawi aliendesha mita mia tatu za kwanza kwa kujionyesha, kisha naye akashuka. Tulikuwa tumekubaliana tangu mezani kwamba saa nane kamili mchana, popote tutakapokuwa, tungegeuza. Tulifika kileleni saa saba na dakika arobaini.

Juu pana nguzo ya wapima ramani na mawe ya matale yaliyolundikana. Magharibi tuliuona Lochnagar na makorongo yake meusi, na nyuma yake migongo ya Cairngorms, safu juu ya safu, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia. Mashariki ulikuwapo mstari mwembamba unaong'aa. Mhindi akauliza kama ni ukungu. Mzee akasema ni bahari. Tulikaa dakika kumi na tano tu, maana vidole vilianza kuuma, lakini hakuna aliyezungumza katika dakika hizo, na Mmalawi hakupiga hata picha yake mwenyewe.

Wakati wa kushuka wingu lilikuja kutoka kusini na kukifunika kilele nyuma yetu. Kama tungekuwa tumegeuza saa tisa, lingetukuta juu ya mawe. Sehemu ya juu tulishuka tukizikokota baiskeli pembeni, wote wanne, hata mwenye nguvu za ng'ombe, kwa sababu mvua na tairi zimeichimba njia ile na hatukutaka kuichimba zaidi. Pale mwinuko ulipolegea tukapanda vitini. Kisha ile barabara ya nyika, kilomita kwa kilomita, upepo ukitusukuma mgongoni. Mhindi alikuwa anaongoza, akiimba. Tulifika garini kabla ya saa kumi na moja jioni. Pancha ilikuwa moja, tukaitia kiraka.

Ndugu Mwalimu Mkuu, wanachama wa klabu yako wananingoja nitoe hukumu kati ya makundi mawili. Nasema makundi yote mawili yanajibu swali kabla ya kuuliza. "Mrefu" si sababu, na "karibu" pekee si sababu. Chukueni ramani. Ulizeni: tutaona nini, na je, saa hizo kutakuwa na wingu? Tutaendesha wapi na kusukuma wapi? Yule dhaifu kati yetu atashukaje? Ardhi hii ni ya nani, au ni hifadhi ya nani, na tumeomba ruhusa kwa nani? Maana sisi hapa hatuna sheria ile ya 2003, na hodi yetu lazima ibishwe mapema. Na mwisho: baiskeli zikifa, tutarudi kwa miguu kabla ya giza?

Nayasema haya kwa uzito kwa sababu mtakaokwenda ni vijana thelathini na walimu wawili, na kila mmoja ana mzazi atakayesimama mlangoni jioni ile. Uskoti kuna vikosi vya uokoaji milimani, watu wa kujitolea walio tayari usiku na mchana, na bado mzee wetu alipima mara tano kabla ya kufunga baiskeli garini. Sisi ambao msaada wetu uko mbali tunapaswa kupima mara kumi. Nashauri klabu iteue watu watatu, mmoja kutoka kila kundi na mwalimu mmoja, waende wakaitembee njia kwa miguu kabla ya Juni, kisha walete taarifa ya maandishi. Nauli yao ya kwenda na kurudi nitailipa mimi, na risiti nataka kuziona.

Nawatakia safari njema, na mrudi wote.